Bastola za kale za Ulaya: Kumbukumbu ya vita au silaha inayosubiri risasi?

Na Mwandishi Wetu

MACHI 22, mwaka 2021, bastola nyingi zilizokuwa zimetundikwa ukutani au kufungiwa makabatini katika nyumba za watu nchini Uingereza zilibadilika hadhi bila hata kuguswa. Jana yake zilikuwa mapambo. Siku hiyo zikawa silaha zinazohitaji cheti cha polisi.

Miongoni mwake ilikuwamo bastola ya jeshi la Ufaransa ya mwaka 1873 na ile ya jeshi la Ujerumani ya miaka ya 1879 na 1883. Hakuna aliyezitengeneza upya wala kuziongezea kitu. Kilichobadilika ni orodha ya serikali ya risasi zilizopitwa na wakati, ambayo iliondolewa aina saba za risasi. Wenye bastola hizo walipewa miezi sita ama kuomba cheti ama kuachana nazo.

Uamuzi huo uliwashtua watu ambao kwa miaka mingi wamezikusanya bastola hizi kwa mapenzi ya historia, na wengine kwa ajili ya kulenga shabaha au kuigiza vita vya kale. Lakini ulifichua pia jambo ambalo kila mkusanyaji hulijua moyoni. Umri peke yake hauifanyi bastola kuwa ya kale. Mara nyingi kinachoifanya iwe ya kale machoni pa sheria ni kwamba risasi yake haipatikani tena.

Makala haya yanaeleza bastola hizi ni zipi, zinakusanywa vipi, zinatumikaje katika michezo na maigizo, na kwa nini serikali za Ulaya zinaziangalia kwa jicho la tahadhari.

Rivolva ni nini?

Bastola zinazozungumzwa hapa ni zile za silinda, ambazo wengi huziita rivolva. Nyuma ya mtutu huwa kuna silinda ya chuma yenye matundu, mara nyingi sita, na kila tundu hubeba risasi moja. Nyundo ya bastola inapovutwa nyuma, silinda huzunguka na kuleta tundu linalofuata mbele ya mtutu.

Mmarekani Samuel Colt alipata hataza ya silaha ya namna hii nchini Uingereza mwaka 1835, na mwaka uliofuata akapata nyingine nchini kwao Marekani. Hata hivyo, ilikuwa katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851 ambapo Ulaya iliiona rivolva kama silaha ya kivita.

Katika maonyesho hayo Colt alikutana na mshindani wake Mwingereza, Robert Adams. Bastola ya Colt ilimtaka mpigaji avute nyundo kwa dole gumba kabla ya kila risasi. Ya Adams ilifanya kazi yote kwa kuvuta kifyatulio tu.

Vita vya Crimea, vilivyopiganwa kati ya mwaka 1853 na 1856, viliwapa wote wawili soko. Mwaka 1856 afisa wa jeshi la Uingereza, Beaumont, aliiboresha bastola ya Adams ili iweze kupigwa kwa njia zote mbili, na jeshi likaikubali. Beaumont-Adams ni mojawapo ya bastola zinazotafutwa sana na wakusanyaji hadi leo.

Kutoka fataki hadi risasi kamili

Rivolva za mwanzo hazikuwa na risasi kama tunayoijua leo. Mpigaji alimimina baruti katika kila tundu la silinda kutoka mbele, akashindilia goroli la risasi juu yake, kisha akaweka kifuniko kidogo cha fataki nyuma ya kila tundu. Kujaza silinda moja kulichukua muda ambao adui hakuwa tayari kuusubiri.

Ufaransa ndiyo iliyotangulia kuiacha njia hiyo. Mwaka 1858 jeshi lake la majini lilichukua bastola ya Lefaucheux ya milimita 12, iliyotumia risasi yenye ganda la shaba nyeupe na pini ndogo iliyochomoza ubavuni. Nyundo iliigonga pini, pini ikaigonga fataki iliyokuwa ndani. Baadaye Italia, Hispania, Sweden na Norway nazo zikaichukua.

Baada ya vita vya mwaka 1870 na 1871 kati ya Ufaransa na Prussia, kila dola kubwa ya Ulaya ilitaka bastola yake rasmi. Hapo ndipo zilipozaliwa bastola ambazo leo hujaza makabati ya wakusanyaji.

Ufaransa ilitoa bastola ya mwaka 1873 ya milimita 11, iliyotengenezwa katika kiwanda cha serikali cha Saint-Étienne. Ilitengenezwa kwa uimara mkubwa, na zaidi ya 300,000 zilitoka kiwandani hapo. Nguvu ya risasi yake ilikuwa ndogo, lakini bastola yenyewe ilidumu kiasi kwamba nyingine zilitumika tena katika Vita Kuu ya Kwanza, na hata mikononi mwa wapigania uhuru wa Ufaransa katika Vita Kuu ya Pili.

Ujerumani ilitoa bastola ya milimita 10.6 katika sura mbili. Ile ya mwaka 1879 ilikuwa na mtutu mrefu, na ile ya mwaka 1883 ilikuwa fupi. Ni bastola nzito na ya kihafidhina. Haina kijiti cha kusukumia maganda, hivyo askari alilazimika kuyatoa moja moja kwa kijiti alichokibeba pembeni.

Uingereza ilichukua Webley mwaka 1887. Bastola hii hukunjuka katikati, na inapokunjuka husukuma nje maganda yote sita kwa mara moja. Toleo lake la sita, la mwaka 1915, ndilo lililobebwa katika mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza.

Austria ilikuwa na Gasser ya mwaka 1870 na baadaye Rast & Gasser ya mwaka 1898, yenye matundu manane. Italia ilikuwa na Bodeo ya mwaka 1889. Uswisi ilikuwa na bastola ya mwaka 1882 ya milimita 7.5, ambayo mafundi huisifu kwa umakini wa kazi yake.

Urusi ilichukua mwaka 1895 bastola iliyobuniwa na Léon Nagant wa Liège, Ubelgiji. Ina matundu saba, na inapopigwa silinda yake husogea mbele na kuziba mwanya ulio kati yake na mtutu ili gesi isivuje. Kiwanda cha Tula kilianza kuitengeneza mwaka 1898, na jeshi la Kisovieti lilikuwa bado linaitumia katika Vita Kuu ya Pili.

Mkusanyaji anatazama nini?

Kwa mtu wa kawaida, bastola mbili za mwaka 1873 zinafanana kama pacha. Kwa mkusanyaji, moja inaweza kuwa na thamani mara kadhaa ya nyenzake.

Jambo la kwanza ni namba. Viwanda vya kijeshi viligonga namba ya bastola kwenye fremu, na mara nyingi namba hiyo au sehemu yake kwenye silinda, mtutu na vipande vidogo. Namba zote zikilingana, bastola imebaki na viungo vyake vya asili. Zisipolingana, imeunganishwa kutokana na mabaki ya bastola nyingine.

Jambo la pili ni alama. Bastola ya Kifaransa huonyesha jina la kiwanda cha Saint-Étienne na mwaka iliotengenezwa. Ya Kijerumani mara nyingi huwa na alama ya kikosi, na anayeijua lugha ya alama hizo anaweza kutaja ilikuwa ya rejimenti gani. Ya Kiingereza iliyokuwa mali ya serikali hugongwa alama ya mshale.

Lakini kukosa mshale si dosari. Maafisa wa Uingereza walijinunulia bastola zao wenyewe, wengi katika maduka ya London kama Army & Navy, na bastola ya namna hiyo huweza kuwa na jina la duka badala ya alama ya serikali.

Silaha zilizopimwa Liège zina herufi ELG ndani ya duara la yai. Mwaka 1893 juu ya duara hilo iliongezwa taji. Kwa hiyo mtu akiuziwa bastola ya Kibelgiji inayodaiwa kuwa ya mwaka 1870 na kuikuta na taji, ana haki ya kuuliza maswali.

Jambo la tatu ni hali ya chuma. Hapa ndipo wanaoanza huharibu mali yao kwa mikono yao wenyewe. Wakiona kutu na rangi iliyopauka, huipeleka bastola kwa fundi ikasuguliwe na kutiwa rangi upya. Ikirudi inang'aa, lakini kingo zimelainika, alama zimefutika na thamani imeporomoka. Utunzaji unaokubalika ni wa mafuta mepesi, kitambaa laini na subira.

Jambo la nne, ambalo huzidi yote kwa bei, ni hadithi ya mwenye bastola. Novemba 2016 mjini Paris, bastola ya Lefaucheux ya milimita 7 ambayo mshairi Paul Verlaine alimpigia mwenzake Arthur Rimbaud mjini Brussels mwaka 1873 iliuzwa kwa euro 434,500. Juni 2019, mjini humo humo, Lefaucheux nyingine iliyoliwa na kutu, inayoaminiwa kuwa ndiyo mchoraji Vincent van Gogh aliyojipigia mwaka 1890, iliuzwa kwa euro 162,500.

Zote mbili zilikuwa bastola ndogo za kiraia zilizotengenezwa kwa wingi. Kilichonunuliwa ni jina la aliyeishika. Ndiyo maana soko hili halikosi matapeli, na ndiyo maana hadithi isiyo na hati huchukuliwa na wazoefu kuwa maneno matupu.

Mchezo wa baruti nyeusi

Si kila mkusanyaji huridhika kuitazama bastola ikiwa kabatini. Wapo wanaotaka kujua ilipigaje, ilirukaje mkononi na moshi wake ulinukaje. Hao ndio walenga shabaha wa kihistoria.

Shirikisho lao la kimataifa, linalojulikana kwa kifupi MLAIC, lilianza mwaka 1971 na linasimamia silaha zinazojazwa kwa mbele, zikiwamo rivolva za fataki. Michuano ya dunia hufanyika kila baada ya miaka miwili. Mashindano yake hupewa majina ya mafundi na watu wa kale, kama Colt wa Marekani na Mariette wa Ubelgiji.

Kanuni zake ni rahisi kueleza lakini ngumu kutimiza. Mshindani wa bastola husimama wima na kulenga kwa mkono mmoja. Hupewa dakika 30 kupiga risasi 13, na 10 bora ndizo zinazohesabiwa. Katika muda huo lazima ajaze bastola yake mwenyewe, na kasi haimsaidii kitu kama mkono unatetemeka.

Baruti inayoruhusiwa ni nyeusi tu, ile iliyotumika karne kwa karne kabla ya baruti ya kisasa. Ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, kwa kadiri ya sehemu 75, 15 na 10. Haimwagwi kutoka kwenye chombo kikubwa, bali kila kipimo hukaa katika kichupa chake ili cheche iliyobaki ndani ya tundu isije ikawasha akiba nzima mkononi mwa mtu.

Rivolva za fataki zina hatari nyingine inayojulikana sana. Cheche kutoka tundu moja huweza kurukia matundu ya jirani, na risasi kadhaa zikafyatuka kwa mpigo huku nyingine zikiwa hazina mtutu mbele yake. Ili kuzuia hilo, wapigaji huziba mdomo wa kila tundu kwa mafuta mazito au huweka kizibo cha sufi iliyoshindiliwa chini ya goroli.

Kwa bastola zilizokuja baadaye, zinazotumia risasi kamili, hatari kubwa ni baruti ya kisasa isiyotoa moshi, ambayo Mfaransa Paul Vieille aliivumbua mwaka 1884. Baruti hiyo huzalisha msukumo ambao chuma cha mwaka 1873 hakikutengenezwa kuubeba. Silinda huweza kupasuka usoni mwa mpigaji.

Kwa sababu hiyo, mpigaji mwenye busara hapigi bastola ya kale kabla fundi stadi hajaikagua. Anataka kujua kama kila tundu linakaa sawasawa mbele ya mtutu, kama chuma kina ufa, na kama nyundo haishuki yenyewe. Katika nchi kadhaa za Ulaya vipo vituo rasmi vya kupimia silaha. Kile cha Birmingham kilianzishwa mwaka 1813.

Kisha kuna kazi ya usafi. Masalia ya baruti nyeusi hunyonya unyevu na kula chuma. Bastola iliyopigwa Jumamosi na kuachwa bila kuoshwa huwa imeshaanza kutu Jumapili. Maji ya moto, kitambaa na mafuta ndiyo dawa, leo kama ilivyokuwa kambini enzi hizo.

Wasiotaka kuichosha silaha ya miaka 150 hununua nakala mpya. Mji wa Gardone Val Trompia nchini Italia una viwanda vinavyotengeneza nakala za rivolva za fataki. Kimojawapo, Uberti, kilianzishwa mwaka 1959, wakati Wamarekani walipokuwa wakijiandaa kuadhimisha miaka 100 ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe.

Katika uwanja wa maigizo

Kundi la tatu ni la waigizaji wa vita vya kihistoria. Hawa hushona sare, hulala katika mahema na kurudia mapigano ya kale mbele ya watazamaji. Katika kijiji cha Chlum, Jamhuri ya Czech, kila mwanzoni mwa Julai hukumbukwa vita vya Sadowa vya Julai 3, 1866, vilivyowakutanisha Waaustria na Waprussia.

Kosa la kawaida la mwigizaji mgeni ni kutaka kila askari awe na bastola kiunoni. Haikuwa hivyo. Katika majeshi ya Ulaya ya karne ya 19, rivolva ilikuwa silaha ya afisa, mpanda farasi, mpiga tarumbeta, baharia wa kikosi cha kuvamia meli na polisi wa kijeshi. Askari wa miguu wa kawaida alikuwa na bunduki na singe.

Mambo madogo ndiyo yanayomtofautisha mjuzi na mpita njia. Mkoba wa bastola wa kijeshi ulikuwa na kifuniko kizima cha ngozi ili kuzuia mvua na vumbi. Kwenye kitako kulikuwa na pete ya kamba, ili bastola ikimponyoka mpanda farasi isianguke chini ya kwato.

Katika maigizo hakuna kichwa cha risasi kinachotumika, ni baruti peke yake. Hata hivyo gesi ya moto na vipande vya kizibo hutoka mtutuni kwa nguvu inayoweza kumjeruhi mtu aliye karibu, hasa machoni. Kwa hiyo makundi makini huweka umbali maalumu kati ya pande mbili, hukagua silaha kabla ya kuingia uwanjani na huwataka washiriki wainue mtutu juu ya vichwa.

Wengi hutumia silaha zilizoharibiwa makusudi zisiweze kupiga. Huko nako sheria imekaza. Tangu Aprili 2016 Umoja wa Ulaya una kanuni moja ya jinsi ya kuiharibu silaha, na mwongozo wake wa mwaka 2017 ulirudisha silaha halisi zilizogeuzwa kuwa za kupigia baruti tupu katika daraja lake la awali la kisheria.

Sheria na mwanya wake

Kila nchi huchora mstari wake kati ya silaha na kumbukumbu, na mistari hiyo hailingani.

Marekani, kwa sheria yake ya mwaka 1968, huhesabu kuwa ya kale silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla. Ufaransa, kwa kanuni zilizoanza Septemba 2013, huziweka silaha za miundo ya kabla ya Januari 1, 1900 katika kundi D, ambalo mtu mzima anaweza kumiliki bila kuomba kibali, isipokuwa miundo michache iliyotajwa kuwa ya hatari. Ujerumani humtaka anayepiga baruti nyeusi kwanza apate mafunzo na kibali chini ya sheria ya vilipuzi.

Uingereza ilifuata njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 1968 iliruhusu silaha ya kale kuwekwa bila cheti mradi mwenyewe aiweke kama pambo au kitu cha ajabu. Akikusudia kuipiga, hata mara moja, anahitaji cheti.

Baadaye ikaja Machi 13, 1996. Katika mji wa Dunblane, Scotland, mtu mwenye bastola alizokuwa anazimiliki kihalali aliwaua watoto 16 na mwalimu wao shuleni. Mwaka 1997 bunge likapiga marufuku karibu bastola zote mikononi mwa raia.

Rivolva za fataki, zinazojazwa kwa mbele, zilibaki kwa wenye cheti. Bastola zenye thamani ya kihistoria zilitengewa kifungu cha saba cha sheria hiyo, na baadhi yake huruhusiwa kupigwa tu zikiwa zimehifadhiwa katika viwanja vilivyoteuliwa. Na bastola za kale ambazo risasi zake hazitengenezwi tena zikaendelea kuning'inia ukutani bila cheti.

Hapo ndipo mwanya ulipoonekana. Bastola nyingine zote zilipoadimika, wahalifu waligeukia zile ambazo mtu yeyote aliweza kuzinunua kwenye minada na maonyesho. Walichokosa kilikuwa risasi tu.

Risasi hiyo huhitaji mjuzi, na mjuzi alipatikana. Desemba 2017 mahakama mjini Birmingham ilimhukumu kifungo cha miaka 30 mfanyabiashara wa silaha mwenye leseni, aliyepatikana na hatia ya kuwapatia magenge bastola za kale na risasi alizotengeneza katika karakana ya nyumbani kwake. Polisi walizihusisha silaha na risasi zake na matukio zaidi ya 100 ya uhalifu, yakiwamo ya mauaji.

Ujuzi alioutumia haukuwa wa ajabu. Ni ule ule ambao mlenga shabaha wa kihistoria huuhitaji ili kuirudishia uhai bastola ambayo risasi yake haiuzwi dukani. Tofauti ilikuwa katika nani aliyepewa risasi hizo.

Kwa hiyo, serikali ilipotoa kanuni za mwaka 2021, haikuuliza bastola ina miaka mingapi tu. Iliweka kikomo cha kutengenezwa kabla ya Septemba 1, 1939, kisha ikatazama ni risasi zipi zinazojitokeza katika uhalifu. Milimita 10.6 ya Kijerumani na milimita 11 ya Kifaransa zikaondolewa katika orodha ya zilizopitwa na wakati. Rivolva ya Nagant ya mwaka 1895 na Webley za jeshi hazikuwamo tangu mwanzo, kwa kuwa risasi zake bado zinatengenezwa.

Wakusanyaji wana malalamiko yao. Wanasema mtu aliyeitunza bastola ya babu yake kwa miaka 40 hastahili kuadhibiwa kwa kosa la muuza risasi mmoja. Upande wa pili unajibu kwamba aliyekufa kwa risasi ya mwaka 1873 amekufa sawasawa na aliyekufa kwa risasi ya jana. Hoja zote mbili zina uzito, na ndiyo maana sheria hizi hufanyiwa marekebisho mara kwa mara.

Zilifika hata kwetu

Afrika Mashariki haikuzijua bastola hizi kwenye minada. Ilizijua zikiwa viunoni mwa watawala.

Bastola ya Kijerumani ya mwaka 1879 na 1883 ndiyo iliyokuwa bastola rasmi ya jeshi la Ujerumani hadi mwaka 1908, maana yake ni kwamba hadhi hiyo ilikuwa nayo wakati Vita vya Maji Maji vilipopiganwa kusini mwa Tanganyika kati ya mwaka 1905 na 1907. Webley ilibebwa na maafisa wa Kiingereza katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918, vilivyoanzia pwani na mipakani na kumalizikia Abercorn, sasa Mbala nchini Zambia, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Novemba 25, 1918.

Kwa hiyo haitakuwa ajabu mtu akikuta chuma cha namna hiyo ndani ya sanduku la marehemu babu au akakifukua shambani. Msomaji atakayekumbwa na hali hiyo asidhani kwamba uhuru wa mkusanyaji wa Paris unamhusu yeye. Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Katika nchi zote mbili raia hamiliki bunduki wala bastola bila leseni.

Lililo salama ni kutoishika ovyo, kutojaribu kuvuta nyundo wala kifyatulio, na kutoa taarifa kituo cha polisi kilicho karibu. Inawezekana ndani yake mna risasi iliyokaa miaka 100 na bado ina fataki hai. Wahenga walisema, usione simba kanyeshewa ukadhani ni paka.

Anayetaka kuziona kwa utulivu ana mahali pa kwenda akisafiri. Jumba la Royal Armouries mjini Leeds, Jumba la Makumbusho ya Jeshi huko Les Invalides, Paris, na jumba la Grand Curtius mjini Liège yana mikusanyiko mikubwa ya silaha za kale, ikiwa imepangwa kwa nchi na kwa nyakati.

Huko, nyuma ya kioo, bastola hizi hufanya kazi ambayo wakusanyaji waaminifu huwa wanaitaka. Hueleza ni nani aliyezibeba, dhidi ya nani, na kwa amri ya nani. Zikitoka nyuma ya kioo na kuingia mkononi mwa mlenga shabaha, heshima ya mchezo mzima hutegemea mtu huyo mmoja na idadi ya risasi alizotengeneza usiku wa kuamkia shindano, kwamba zote zilipigwa uwanjani na hakuna hata moja iliyotoka mlangoni.